Nimerudi kwenye blogu yangu ya 2007, mitandao ya kijamii nimeiweka kando miezi minane sasa. Hivi blogu tuliziacha kwa nini?

#1 Kalamu_Nzito

Wakuu salama?

Niende moja kwa moja. Mama alipata kiharusi miaka sita iliyopita. Kipindi kile nilikuwa naposti kila siku habari zake, mkono wa kulia ulikuwa hauna nguvu kabisa, tukamzungushia kitambaa kwenye mpini wa kijiko ili uwe mnene aweze kuushika, siku ya kwanza kikamponyoka mara kumi na moja, nilihesabu, mara ya kumi na mbili kikafika mdomoni. Niliyaandika hayo usiku ule ule. Sasa mwaka huu rafiki yangu baba yake kapatwa na hali hiyo hiyo nikataka nimpe yale maandishi, maana humo ndimo nilimoweka kila alichotuambia mtu wa mazoezi ya viungo, wiki kwa wiki. Nimeskroli akaunti yangu mwenyewe zaidi ya nusu saa, inafika mahali inazunguka zunguka halafu inanirudisha juu. Nimetafuta kwa neno kijiko, nimetafuta kwa neno kiharusi, inaniletea posti za watu nisiowajua. Mimi ndiye niliyeandika na siwezi kukipata nilichoandika.

Nikakumbuka nina blogu. Niliifungua 2007 nikaitelekeza 2011. Nywila nilishasahau, nikaibadili kupitia barua pepe, nikaingia. Kila kitu kipo. Pembeni kuna orodha ya miaka na miezi, ukibonyeza Machi 2009 unapata Machi 2009, hakuna anayekuamulia uone nini kwanza.

Tangu siku hiyo naandika huko, bandiko moja kila wiki mbili hivi, wakati mwingine wiki tatu zinapita. Na nimegundua namalizia mawazo. Zamani wazo likinijia nalitupa mtandaoni likiwa bichi, likipata laiki basi naona nimemaliza kazi. Sasa nakaa nalo siku nne tano na mara nyingi naona mwanzoni nilikuwa nimekosea.

Madai yangu ni haya: blogu hazikufa zenyewe, tuliziacha wenyewe kwa ajili ya laiki. Mimi naikumbuka mpaka siku yangu, niliposti kitu kwenye mtandao kikapata laiki nyingi ndani ya saa moja, nikalinganisha na komenti mbili nilizokuwa napata kwa wiki, nikahama. Nyie mnaonaje? Na je, inawezekana kurudi au tunaorudi ni wachache wabishi tu?

#2 Mpitanjia

Naweka kambi hapa, nasubiri wajuzi.

#3 Zee_la_Nyuzi

Mkuu pole na hongera kwa mama. Lakini kwenye laiki nakupinga. Tarehe ya kifo cha blogu inajulikana, ni 1 Julai 2013, siku Google walipoifunga Google Reader.

Kwa wasioijua, ile programu ilitoka Oktoba 2005. Unaipa anwani za blogu unazozipenda, basi mtu akiandika jambo jipya linakuja lenyewe, huna haja ya kuzunguka kwenye blogu 60 moja moja kuangalia kama kuna kipya. Mimi nilikuwa naifungua asubuhi, vichwa ambavyo sijasoma vimekolezwa wino, nasoma, nikimaliza vimeisha. VIMEISHA. Hicho kitu watoto wa leo hawakijui, kufika mwisho. Ilipofungwa wasomaji wengi hawakuhamia programu nyingine, walihamia kule ambako tayari walikuwa na akaunti. Barabara ilifungwa, maduka ya kando ya barabara yakafa.

#4 Tausi77

Mzee hapo umewahisha hukumu kesi haijasomwa. 2013 mimi blogu yangu ilishakuwa gofu muda mrefu. Komenti zilianza kukauka 2009, 2010. Facebook waliweka ule mlisho wao wa habari 2006, kitufe cha laiki kikaja Februari 2009. Baada ya hapo nikiandika bandiko, watu wanakuja kulisoma kweli, ila mjadala wanaufanyia Facebook chini ya linki yangu. Nilikuwa naona kabisa watu 40 wamesoma, kwenye blogu komenti sifuri, kule komenti 25. Nimepika mimi wageni wanalia barazani kwa jirani. Baada ya miezi kadhaa mtu unajiuliza kwa nini usipikie huko huko kwa jirani.

Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada, ila nasema siyo laiki peke yake, ni mazungumzo. Sisi tuliokuwa tunablogu tulikuwa hatuandiki ili tusifiwe, tulikuwa tunaandika ili tujibiwe.

#5 Kibodi_Ngumu

Wote mnazunguka. Ni simu. iPhone ilitoka 2007, na baada ya hapo simu za kugusa zikawa kwa kila mtu. Blogu ni kitu cha mezani, unakaa, una kibodi, mgongo umenyooka. Simu ni ya kidole gumba. Hebu jaribu kuandika maneno elfu moja kwa kidole gumba na uyasahihishe. Kifaa ndicho kilichoamua urefu wa mawazo yetu.

#6 Nukta_Mkato

#5 hapo sikubali moja kwa moja mkuu. Kuna watu wanaandika nyuzi ndefu humu humu kwa simu, wewe mwenyewe hapo unatumia nini?

#7 Kibodi_Ngumu

Natumia simu 😀 lakini bandiko langu lina mistari mingapi?

#8 Mgeni_Juzi

Samahani wakuu mimi wa juzi juzi, nimeanza kutumia intaneti mitandao ya kijamii ikiwa tayari ndiyo intaneti yenyewe. Hiyo programu ya #3 ilikuwa inajuaje kwamba mtu kaandika? Na kwa kuwa imefungwa ina maana haiwezekani tena?

#9 Zee_la_Nyuzi

Swali zuri na jibu lake linafurahisha. Kilichofungwa ni Reader, yaani chombo cha kusomea. Teknolojia ya chini yake inaitwa RSS na iko hai mpaka dakika hii. Ilianzia Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, Machi 1999, toleo la 2.0 likatoka 2002, halafu ikaja ndugu yake inaitwa Atom. Ni faili la maandishi tu ambalo blogu inaliandika yenyewe kila ukichapisha: kichwa, tarehe, linki, na maandishi. Programu ya kusomea inapita kila baada ya muda kuchungulia lile faili kama limebadilika. Basi. Huhitaji kujiandikisha kwenye blogu yenyewe.

Jaribu sasa hivi: chukua karibu blogu yoyote ya WordPress (programu ya kuendeshea blogu), mwisho wa anwani ongeza /feed uone. Zile za Blogger, huduma ya blogu ya Google, unaongeza /feeds/posts/default. Halafu tafuta programu ya kusomea, ziko nyingi, Feedly, Inoreader, NetNewsWire kwa wenye vifaa vya Apple, FreshRSS kwa anayetaka kuweka kwenye seva yake mwenyewe.

Na kama unasikiliza podikasti basi huenda unatumia RSS kila siku bila kujua. Podikasti nyingi zinasambazwa hivyo hivyo.

Tausi nimekusoma. Nakubali wengine walishaondoka kabla. Lakini walioondoka kabla walikuwa waandishi, 2013 ndipo wakaondoka wasomaji, na mwandishi anaweza kurudi, msomaji akishapoteza njia harudi.

#10 Mkokoteni

Wakuu tusisahau Google ndio waliotengeneza Blogger wakaitelekeza, na neno lenyewe blogu lilitungwa na yule jamaa Jorn Barger. Kwa hiyo kampuni moja ilianzisha na ikaua, lengo lilikuwa matangazo.

#11 Tausi77

Mkuu #10 turekebishe kidogo. Blogger ilianzishwa Agosti 1999 na kampuni ndogo inaitwa Pyra Labs, Google waliinunua Februari 2003. Na Barger alitunga neno refu, weblog, Desemba 1997. Aliyelikata likawa blog ni Peter Merholz mwaka 1999, aliandika pembeni ya tovuti yake kwamba yeye atalitamka kama maneno mawili, "we blog", yaani "sisi tunablogu", likashika. Na hata kabla ya neno kuwepo watu walikuwa wanafanya, Justin Hall alianza kuweka maisha yake kwenye tovuti 1994 akiwa mwanafunzi.

Kingine kinachonishangaza kila nikikifikiria: Evan Williams, mmoja wa waanzilishi wa Blogger, ndiye huyo huyo mmoja wa waanzilishi wa Twitter 2006, na ndiye huyo huyo aliyekuja kufungua Medium 2012. Mtu mmoja alitupa nafasi ya kuandika kwa urefu, akatupa herufi 140, halafu akarudi tena kwenye urefu. Kwa hiyo hata wao kule juu walikuwa wanatafuta.

#12 Mkokoteni

Nimejifunza kitu, shukrani.

#13 Zamu_ya_Usiku

Mimi nitasema ambacho wengi hawasemi. Hii habari ya kuandika polepole ni ya wenye muda. Mimi nafanya kazi ya zamu, nina watoto wawili wadogo, dakika ninazopata ni kumi za kwenye basi, na humo kwenye basi nasimama. Mtandao wa kijamii unanipa nafasi ya kusema kitu nikiwa nimesimama nimeshika bomba kwa mkono mmoja. Dada yangu yuko mbali, anaona picha za watoto papo hapo, anacheka, na mimi namuona kacheka. Mnataka nimwambie asubiri wiki mbili nitaandika bandiko?

Halafu tuseme ukweli, blogu hakuna anayesoma. Unaandika wiki nzima wanakuja watu wanane. Nimesema kwa heshima, siyo kumkatisha tamaa mleta mada.

#14 Fundi_Uzi

#13 nakuelewa kabisa na sitakubishia kuhusu muda. Ila hapo kwenye watu wanane nina kisa.

Mimi ni fundi wa cherehani, natengeneza zaidi kuliko kushona. 2012 niliandika kwenye blogu yangu kuhusu cherehani moja ya kizamani iliyokuwa inaruka mishono. Siku mbili nilihangaika nayo, nikafungua chini, nikasafisha manyoya yote, nikadhani kile kindoano kinachokamata uzi kimepoteza wakati wake na sindano, nikalegeza nikakaza. Kumbe aliyeileta alikuwa kabadilisha sindano nyumbani akaiweka upande bapa umegeukia kusiko. Sindano ya cherehani nyingi za nyumbani ina upande mmoja uliokatwa bapa, ukiugeuza vibaya kindoano hakiupati uzi. Nikaipiga picha sita, sindano imewekwa sawa, sindano imewekwa vibaya, karibu kabisa mpaka tundu linaonekana, nikaandika yote mpaka zile siku mbili za kukosea.

Hakuna aliyekomenti. Mwaka, miaka miwili, kimya. 2019 nikapata barua pepe kutoka kwa mama mmoja nchi nyingine kabisa, anasema cherehani ni ya bibi yake aliyefariki, mafundi wawili wameshamwambia aitupe, kaisoma ile, kageuza sindano, imeshona. Aliniambia alikaa akalia. Mpaka leo tunaandikiana.

Picha zile zile sita niliwahi kuziweka kwenye mtandao wa kijamii siku hiyo hiyo, zilipata laiki zaidi ya mia mbili kabla ya jioni. Kesho yake zilikuwa zimeshazama na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuzikuta tena. Sasa niambie ndugu yangu, wanane na mia mbili, wapi nilisomwa?

#15 Mpitanjia

Aisee #14 umeandika.

#16 Zamu_ya_Usiku

Fundi nimekubali kisa ni kizito. Lakini wewe ulikuwa na ujuzi wa kumpa mtu. Mimi ninachoandika ni mtoto kaota jino.

#17 Bi_Tulizo

#16 mdogo wangu, andika hilo jino.

Mimi nilikuwa na miaka tisa ya watoto wangu kwenye mtandao mmoja mkubwa, sitautaja. Siku moja asubuhi nafungua naambiwa akaunti imefungwa kwa kukiuka taratibu, taratibu ipi hawasemi. Nikajaza fomu, jibu likarudi chini ya dakika moja, maneno yale yale. Nikajaza tena. Nikatuma kitambulisho. Mara ya tano hata fomu ikawa haifunguki. Picha nyingine nilikuwa nazo kwenye simu ya zamani, hizo nimezipata. Ila maneno niliyokuwa naandika chini ya picha hayapo popote. Mwanangu wa pili alikuwa anatamka maneno kwa namna yake, nilikuwa nayaandika kama anavyoyatamka. Nakumbuka matatu tu sasa hivi, na yalikuwa mengi sana.

Kwa hiyo sijali nani anasoma. Nataka pa kuweka.

#18 Nukta_Mkato

Pole sana Bi Tulizo.

Naongezea ili mtu asidhani blogu ya bure ndiyo salama. GeoCities ilikuwa na kurasa za watu wa kawaida kwa mamilioni, Yahoo waliinunua 1999 wakaifunga Oktoba 2009, kilichopona ni kile ambacho watu wa kujitolea waliwahi kukinakili. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa Aprili 2019. Myspace 2019 hiyo hiyo walisema nyimbo zilizopandishwa kabla ya 2016 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Mahali pa mtu mwingine ni pa mtu mwingine.

Ukiweza uwe na domeini yako, maana domeini ndiyo anwani. Hata kampuni inayokuhifadhia faili ikifa unahamisha faili kwingine na anwani inabaki ile ile, linki za watu hazivunjiki. Na bekapu. WordPress ina sehemu ya kutoa maandishi na komenti zote kwa faili moja (picha unanakili kando), fanya mara moja kwa mwezi, weka kwenye diski na nakala nyingine weka nje ya nyumba.

Na hapa niseme langu. 2016 nilipoteza domeini yangu kwa sababu ukumbusho wa kulipia ulikuwa unaenda kwenye barua pepe niliyoacha kuitumia. Kwa domeini kama za .com muuzaji anatakiwa akukumbushe karibu mwezi mmoja kabla na tena wiki moja kabla, alikumbusha, mimi ndiye sikuwepo. Baada ya kufutwa kuna siku 30 za kuikomboa, nazo zilipita. Nilikuta jina langu linauza viatu. Kilichoniokoa ni Wayback Machine ya Internet Archive, wanahifadhi kurasa za wavuti tangu 1996, nikakaa wikiendi nzima nanakili bandiko moja moja mpaka nikapata karibu yote. Picha nyingi hazikuwepo. Nendeni mkaangalie leo ukumbusho wenu unaenda kwenye barua pepe gani.

#19 Kibodi_Ngumu

Nimeenda kuangalia. Ulikuwa unaenda kwenye barua pepe ya kazini kwa zamani. Nimebadilisha. Asante #18 kwa dhati.

#20 Mlango_wa_Nyuma

Sababu mnazozitaja zote naziona ila mnaruka moja, pesa. AdSense, huduma ya matangazo ya Google, ilianza 2003 na hapo watu wakaanza kuandika kwa ajili ya injini ya utafutaji badala ya kumwandikia mtu. Unatafuta jambo dogo unakuta bandiko la maneno elfu mbili, jibu liko chini kabisa baada ya historia ya dunia. Juu yake komenti za takataka, dawa, kamari, saa bandia, ukiamka asubuhi una mia tatu za kufuta. Mwaka 2005 injini za utafutaji zilikubaliana na alama ya kuzinyima linki za komenti thamani, ili zisipandishe tovuti kwenye matokeo, haikuzuia. Wengi tulizima komenti kwa uchovu. Na blogu iliyozimwa komenti ndiyo ile ya #4, wageni wakaenda kwa jirani. Kwa hiyo siyo laiki wala Reader, tuliharibiwa mtaa kwanza ndiyo tukahama.

#21 Sauti_ya_Chini

Kwangu ilikuwa hofu. Blogu inatafutika. Niliandika kuhusu talaka yangu, sikutaja mtu, nikidhani wanaosoma ni wale wale kumi na tano wa kila siku ninaowajua kwa majina yao ya mtandaoni. Mkuu wangu wa kazi akaniita akaniuliza kama niko sawa, aliuliza kwa upole kabisa, lakini nilijua kasoma. Nikafuta yote usiku huo. Kwenye mtandao wa kijamii mtu unajidanganya kwamba uko chumbani na rafiki zako, hata kama siyo kweli, na ule uongo unakupa ujasiri wa kusema.

Nimerudi mwaka jana kwa jina la bandia, domeini ina usiri wa mmiliki, sijamwambia mtu. Naandika kuliko nilivyowahi kuandika maishani. Natamani mtu mmoja ninayemjua angesoma, ila siwezi kumpa.

#22 Mpitanjia

Mleta mada umewasha moto umelala au?

#23 Kalamu_Nzito

Sijalala mkuu nilikuwa nasoma. Nimesoma zote, nyingine mara mbili.

#13 na #16, hata mimi sina meza siku nyingi. Nina daftari dogo la kuingia mfukoni, mengi ninayoandika yameanzia kwenye foleni ya hospitali tukisubiri mama aitwe. Mstari mmoja, miwili. Jioni nayatoa kwenye daftari nayaandika, nayaacha siku tatu bila kuyagusa, nikirudi nakata karibu nusu. Na bandiko langu fupi kuliko yote lina mistari minne. Hakuna aliyesema blogu lazima iwe ndefu, polepole siyo urefu. Kuhusu dada yako hapo sina jibu. Hata mimi sijafuta akaunti maana ndugu zangu wako huko, nimetoa tu programu kwenye simu, naingia kwa kompyuta Jumapili najibu natoka. Kwa hiyo sijaondoka moja kwa moja, nisiwadanganye.

#3 na #4 na #20, mimi bado nasema laiki, lakini mmenitikisa. Hasa hili la Tausi la kujibiwa. Nimekumbuka siku ile niliyohama, zile laiki kumi za kwanza nilizitazama majina yake moja moja.

#17 na #18, nimetoa faili lote juzi usiku. Nikiwa kwenye hilo nikaenda na kule mtandaoni nikaomba nakala ya data zangu zote, walichukua siku moja wakanipa linki ya kupakua, folda ina mafaili mamia, na humo ndani yako yale ya mama. Kijiko kimo. Wenye akaunti ambazo bado ziko wazi ombeni nakala zenu sasa hivi, kipengele kiko kwenye mipangilio.

#24 Bi_Tulizo

Umekipata kijiko. Nimefurahi jamani.

#25 Mbio_Fupi

Mimi nina shida tofauti. Nimerudi kwenye blogu miezi miwili sasa na ugonjwa nimehama nao. Naangalia takwimu kila nusu saa. Jana wamekuja watu 11, juzi 14, nikaumia roho kwa sababu ya watu watatu ambao hata siwajui. Nikaanza kufikiria kichwa cha habari cha kuwarudisha. Nikajiona naandika kwa namna ile ile niliyoikimbia.

#26 Fundi_Uzi

Toa takwimu kabisa. Siyo kuacha kuangalia, toa. Kwenye WordPress ni programu jalizi, unaizima unaifuta. Mimi sijui wangapi wananisoma tangu 2014, nawajua tu wanaoniandikia. Weka barua pepe yako chini ya kila bandiko. Anayeguswa ataandika, na barua moja ya mtu inakaa na wewe mwezi mzima.

#27 Mlango_wa_Nyuma

Akiweka barua pepe wazi roboti zitaiokota, atajazwa takataka. Atumie fomu.

#28 Fundi_Uzi

Yangu iko wazi miaka yote, chujio la takataka linafanya kazi yake. Afadhali nifute kumi za roboti kuliko yule mama wa cherehani akose pa kuandikia.

#29 Nukta_Mkato

Kwa wanaoona lazima wachague kimoja: kuna watu walianza mikutano 2011, wanajiita IndieWeb, wana kanuni nzuri kwamba chapisha kwako kwanza ndiyo usambaze kwingine. Nakala ya asili inakaa kwenye domeini yako, kule kwa jirani unapeleka linki au nakala. #13 hii inakufaa, picha ya jino inakaa kwako, dada anaiona kule alipo.

#30 Tausi77

Nimejaribu hiyo zaidi ya mwaka. Ikienda nakala nzima inasomwa, ikienda linki haibonyezwi. Na mazungumzo bado yanafanyika kule. Kwa hiyo kinachotatuliwa ni uhifadhi, upweke haujaguswa.

#31 Zee_la_Nyuzi

Upweke unatibiwa na wewe kwenda kukomenti kwa wengine. Tulivyokuwa tunafanya zamani ndivyo, nasoma kwako naandika kwangu nikikujibu na linki nakuwekea. Orodha ya blogu rafiki pembeni. Hatukuwa na algorithimu, tulikuwa na adabu ya kutembeleana.

#32 Mkokoteni

Na hizi roboti za akili mnemba zinazozoa kila kitu? Niandike polepole wiki mbili mashine inizoe kwa sekunde? Robots.txt, lile faili la kuziambia roboti zisipite, nimeweka lakini nasikia ni ombi tu.

#33 Nukta_Mkato

Ni ombi tu, tangu ilipopendekezwa 1994. Anayetaka kuheshimu anaheshimu. Hilo linastahili uzi wake, fungua tuje.

#34 Sauti_ya_Chini

#31 hilo la kutembeleana limenifikia. Nimemtumia PM mtu mmoja humu linki yangu. Sitasema nani.

#35 Mgeni_Juzi

Wakuu mrejesho. Nimeweka programu ya kusomea, nimeingiza blogu tano, mojawapo ya Fundi. Leo siku ya tatu, imetoka moja tu. Nyingine kimya kabisa. Nimekosea mahali au?

#36 Zee_la_Nyuzi

Hujakosea. Ndivyo ilivyo. Hiyo moja iliyotoka umeisoma?

#37 Mgeni_Juzi

Nimeisoma yote, na nimerudi kusoma za nyuma mpaka 2012. Niko kwenye ile ya sindano sasa hivi.

#38 Zamu_ya_Usiku

Fundi, ile fomu au barua pepe, ipi ni rahisi kwa mtu anayeanza? Nauliza tu.